Till Isikae Mtandao Mmoja na Wageni: Kupanga Vifaa vya Ofisi Kutoka Todonyang Hadi Kakuma

Mteja amelipa. Simu yake inaonyesha pesa zimetoka. Lakini kwenye kompyuta ya duka ukurasa wa malipo unazunguka tu, haufunguki, na nyuma yake foleni inazidi kuwa ndefu. Mwenye duka anazima rauta, anaiwasha tena, mambo yanatulia. Kesho yake mchana, shida ni ileile.

Hapo watu wengi hulaumu mnara. Wengine hulaumu kampuni ya malipo. Kuna siku mnara ndio wenye shida kweli. Lakini kuna chanzo kingine ambacho wachache hukiangalia, nacho kiko pale pale dukani, juu ya rafu, kinawakawaka taa za kijani. Rauta yako inavipa vifaa vyote mipangilio ileile: simu ya till, printa, kamera ya ulinzi, kompyuta ya mhasibu, na simu ya kila mtu aliyepita na kuomba Wi-Fi. Vyote vinashika njia moja, na kile kinachobeba pesa hakina nafasi yake.

Leo tunaeleza jinsi ya kuvitenganisha. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kuelewa rauta inagawa nini, kisha uamue kila aina ya kifaa ipewe nini.

Kwanza: si kila malipo yanapita kwa Wi-Fi

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Ukitumia menyu ya laini, au ukipiga ile nambari fupi inayoanza na nyota na kuishia na reli, huduma hiyo haipiti kwenye Wi-Fi kabisa. Inapita moja kwa moja kati ya simu na mnara. Ndiyo maana simu ya kabambe isiyo na intaneti inatuma na kupokea pesa vizuri tu. Ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo nao kwa kawaida huja kwa njia hiyo hiyo ya mnara.

Vinavyotegemea intaneti ni hivi: programu ya malipo kwenye simu janja, mashine ya kadi iliyounganishwa na Wi-Fi, na ukurasa wa biashara unaofungua kwenye kompyuta kuangalia mauzo ya siku au kurudisha malipo.

Kwa hiyo Wi-Fi ikigoma na mteja amesimama mbele yako, usifunge duka. Angalia ujumbe kwenye laini ya till, au tumia menyu ya laini kuangalia salio. Na usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja kama ushahidi wa malipo. Ushahidi ni ule uliofika kwako.

Rauta inagawa nini?

Kila kifaa kikiingia kwenye mtandao wa ofisi, kinaomba mambo manne. Kinaomba anwani yake, ile inayoitwa anwani ya IP. Kinaomba kuonyeshwa lango la kutokea kwenda intaneti. Kinaomba DNS, yaani pa kuulizia majina: ukiandika jina la tovuti, DNS ndiyo inayosema tovuti hiyo iko kwenye anwani gani. Mwisho, kinaambiwa kitashika anwani hiyo kwa muda gani kabla ya kuomba tena.

Zamani mambo haya yaliandikwa kwa mkono, kompyuta moja moja. Kazi hiyo sasa inafanywa na utaratibu unaoitwa DHCP, uliotoka mwaka 1993 na kuandikwa upya mwaka 1997. Karibu kila rauta inayouzwa leo inayo, na huwa imewashwa tangu kiwandani.

Tatizo ni kwamba kiwandani hawakujua wewe una duka Lodwar. Waliweka mpango mmoja wa nyumba ya watu wanne. Wewe ukaongeza printa, kamera, mashine ya kadi na wateja mia.

Hesabu ya saa nane mchana

Tuseme rauta yako imepangwa kugawa anwani 100, na kila anwani inashikwa kwa saa 24. Umeiwasha upya saa mbili asubuhi. Vifaa vya duka ni 10. Kila saa wanaingia wateja 15 wapya wenye simu janja, wanaomba Wi-Fi, wanakaa kidogo, wanaondoka.

Kufika saa nane mchana ni saa sita zimepita. 15 mara 6 ni 90. Jumlisha 10 za duka: anwani 100 zimekwisha. Wateja wengi walishaondoka, lakini rauta bado imewawekea anwani zao mpaka kesho. Mashine ya kadi iliyokuwa kwa chaji tangu jana ikiwashwa sasa, inakosa. Simu ya mhudumu wa zamu ya mchana inakosa. Unaona Wi-Fi iko, nguvu imejaa, lakini kifaa kinabaki kikitafuta anwani bila kupata.

Kwenye kompyuta ya Windows kuna dalili rahisi: ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imekosa kupewa anwani ikajipa yenyewe. Hiyo haitakufikisha popote.

Sasa badilisha jambo moja tu. Wageni wapewe mtandao wao, na anwani zao zishikwe kwa saa moja badala ya 24. Anwani za walioondoka zinarudi, na kwa wakati wowote zinazotumika hazizidi 30 hivi. Mchana wako umeokoka, na hukununua kitu.

Pesa inaibwa wapi?

Kuna watu wanaogopa kwamba jirani kwenye Wi-Fi ileile atasoma PIN yao ikipita hewani. Tuwe wakweli: programu za malipo hufunga mawasiliano yake kwa msimbo, na kusoma PIN kwa njia hiyo si kazi rahisi. Wezi huchukua njia fupi zaidi, na njia hizo hupita kwenye vifaa ambavyo hakuna anayevifikiria.

Njia ya kwanza ni rauta yenyewe. Mtu akiingia kwenye mipangilio yake, anaweza kubadilisha DNS. Kuanzia hapo ukiandika jina la tovuti yako ya malipo au ya benki, unaweza kupelekwa kwenye ukurasa wa bandia unaofanana nayo. Hili si jambo la kufikirika. Virusi vilivyoitwa DNSChanger vilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, vikaingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, mpaka wahusika walipokamatwa Novemba 2011 kufuatia uchunguzi wa FBI ya Marekani.

Njia ya pili ni kamera na vifaa vingine vidogo. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na rauta nyingi sana duniani kwa ujanja mmoja tu: kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, kama sitini hivi. Kamera ambayo mwenyewe hajabadilisha nywila ilifunguka. Mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuangusha kwa saa kadhaa tovuti kubwa zinazojulikana dunia nzima. Kamera ya duka lako ikitekwa na iko mtandao mmoja na kompyuta ya mauzo, mwizi ameshaingia ndani ya boma.

Njia ya tatu ni laptopu ya mgeni yenye virusi. Ikiingia mtandao mmoja na kompyuta yako yenye faili za wateja, nakala za vitambulisho na hesabu za mwezi, imepata nafasi ya kubisha hodi kwa kila kifaa.

Hapa kuna suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakutaka utunze taarifa za wateja unazozishika. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Daftari la nambari za vitambulisho na folda ya nakala kwenye kompyuta vyote vimo humo.

Makundi matano ya vifaa

Kanuni yetu ni fupi: panga vifaa kwa kazi yake, si kwa bei wala kwa mwenye nacho. Simu ghali ya meneja ikitumika kwa mitandao ya kijamii si kifaa cha pesa. Simu ya bei nafuu yenye laini ya till ndiyo kifaa cha pesa.

*1. Vifaa vya pesa.* Simu ya till, mashine ya kadi, kompyuta ya kufungulia ukurasa wa biashara. Hivi vipewe mtandao wake wenye nywila isiyojulikana na wateja, au waya moja kwa moja kwenye rauta. Kila kimoja kitengewe anwani yake ya kudumu ili kisikose hata siku ya msongamano. Kama rauta inaruhusu kutanguliza baadhi ya vifaa, hivi vitangulie.

*2. Vifaa vya wafanyakazi.* Laptopu na simu za kazi. Anwani za kushikwa kwa saa nane au siku moja zinatosha. Simu binafsi za wafanyakazi zikae na wageni.

*3. Printa na mashine ya risiti.* Printa ikibadilishiwa anwani, kompyuta inaipoteza na utasikia "printa imekufa" wakati ni nzima. Itengee anwani moja. Tena printa nyingi hazihitaji kwenda intaneti. Zinahitaji kuonekana na kompyuta za ofisi tu. Kama rauta inaweza kuzizuia zisitoke nje, zizuie.

*4. Kamera.* Zitengewe anwani, zibadilishwe nywila, na zisiruhusiwe kuzungumza na kitu chochote isipokuwa kinasa picha chake. Kamera za waya zinazoingia kwenye kinasa moja kwa moja ziache hapo hapo, usizilete kwenye Wi-Fi bila sababu.

*5. Wageni.* Mtandao wao, nywila yao, muda wa saa moja, kasi iliyowekewa kikomo. Waone intaneti, wasione kifaa chochote cha duka wala wasionane wao kwa wao.

Rauta ya bei ndogo inaweza kukupa mitandao miwili tu, wa kawaida na wa wageni. Usivunjike moyo. Weka vifaa vya pesa, kompyuta za kazi na printa kwenye ule wa kawaida. Vingine vyote vipeleke kwa wageni. Hapo umeshaondoa sehemu kubwa ya hatari.

Sehemu tatu, ukubwa tatu

Ushauri wa aina moja haufai kila mahali. Tuangalie kaunti moja, Turkana, katika sehemu tatu.

*Todonyang.* Kule kaskazini, ukingoni mwa Ziwa Turkana na karibu na mpaka wa Ethiopia, biashara ni samaki, na ofisi mara nyingi ni mtu na simu yake. Tuseme wewe ni katibu wa kikundi cha wavuvi. Una simu janja moja yenye laini ya till, umeifungulia hotspoti ili laptopu ya kikundi ipate intaneti, na vijana watatu nao wameunganisha simu zao. Hiyo simu imekuwa rauta, till na benki kwa pamoja, na chaji yake ni ya sola.

Ushauri wetu hapa ni kugawa kazi. Simu ya till isiwe hotspoti. Tumia simu nyingine, hata ya zamani, kugawa intaneti, na laini ya till ibaki kwa malipo tu. Kama ni lazima simu iwe moja, weka kikomo cha vifaa vinavyoruhusiwa, badilisha nywila ya hotspoti kila mara, na uizime ukimaliza.

Karibu na mpaka kuna jambo la ziada. Simu huweza kudaka mnara wa nchi jirani bila wewe kujua. Ingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, ondoa uchaguzi wa kujiendesha na uchague mtandao wako kwa mkono, kisha uzime matumizi ya data ukiwa nje ya nchi. Vinginevyo salio linaweza kuyeyuka, au menyu ya malipo ikakataa kufunguka, na wewe umekaa palepale ufuoni.

*Lodwar.* Huku ndiko makao makuu ya kaunti. Kuna ofisi za serikali, mashirika, maduka ya jumla, mawakala na hoteli. Ofisi ya watu kumi ina kila aina ya kifaa tulichotaja. Hapa makundi matano yanafaa yote, na inafaa kumwita fundi.

Jambo la kumwambia fundi ni hili: "Nataka rauta itambue aina ya kifaa na ikipe mipangilio ya kundi lake." Fundi mzuri atakuelewa. Vifaa vingi hujitambulisha vinapoomba anwani. Kompyuta ya Windows husema "MSFT 5.0", simu ya Android husema "android-dhcp" ikifuatwa na namba ya toleo lake. Pia kila kifaa kina anwani ya MAC, herufi na tarakimu 12, na kwa kawaida sita za mwanzo zinaonyesha kiwanda kilichokitengeneza. Kwa alama hizo, rauta za kiofisi kama za MikroTik, au seva za Windows kuanzia toleo la 2012, zinaweza kupanga kwamba printa za kiwanda fulani zipewe anwani za kundi hili, na simu zipewe za kundi lile na muda mfupi.

Usisahau joto na vumbi. Jengo la Startup Lions, kituo cha vijana cha teknolojia karibu na Ziwa Turkana kilichokamilika mwaka 2021, lilichorwa na msanifu Francis Kéré likiwa na minara mirefu ya kupitisha hewa, kwa mfano wa vichuguu vya mchwa vya eneo hilo, ili watu na kompyuta vipate ubaridi. Wewe huhitaji mnara. Lakini rauta iliyofungiwa kwenye kabati la mabati mchana wa Lodwar itazimika, na ikijiwasha upya bila anwani za kutengewa, vifaa vitapata anwani nyingine na printa "itakufa" tena.

*Kakuma.* Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi sasa kambi na mji ni soko kubwa. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa mwaka 2018 ulieleza eneo lenye biashara zaidi ya 2,000. Watu wa Kakuma wanajua vizuri kwamba laini zinaweza kupewa masharti tofauti. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza Bamba Chakula, pesa zilifika kwenye laini ya simu, lakini ziliweza kununua chakula kwa wafanyabiashara walioidhinishwa tu. Teknolojia ya simu ilikuwa ileile ya kila siku, na masharti yakawekwa kulingana na kazi. Vifaa vya duka lako ni hivyo hivyo.

Huku maduka mengi huuza vitu na pia Wi-Fi. Mazungumzo ya kila siku ni haya:

"Boss, Wi-Fi ni ngapi?"

"Shilingi ishirini, saa moja."

"Nipe pasiwadi basi."

"Hiyo hapo ukutani, ndugu."

Kama pasiwadi iliyoko ukutani ndiyo ile ile ya mashine ya kadi, umeuza ufunguo wa duka kwa shilingi ishirini. Wi-Fi ya kuuza lazima iwe mtandao wa peke yake. Na kama bando ni moja, weka kikomo cha kasi kwa wateja, maana watu wachache wakiangalia mpira kwa video wanaweza kuifanya mashine ya kadi isifungue kitu.

Fanya hivi, hatua kwa hatua

1. Hesabu vifaa. Chukua karatasi, andika kila kitu kilichounganishwa na kazi yake. Ukurasa wa rauta huonyesha orodha ya vilivyounganishwa sasa hivi. Ukiona usichokijua, kiondoe kwanza, utauliza baadaye.

2. Ingia kwenye rauta. Anwani yake, jina na nywila ya kiwandani mara nyingi vimeandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta. Fanya hivyo ukiwa umeunganishwa na mtandao wako mwenyewe.

3. Badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya rauta. Hii si nywila ya Wi-Fi, ni nyingine. Ukifanya hatua hii peke yake leo, umefunga njia ya kwanza ya wezi.

4. Washa mtandao wa wageni. Upe jina la duka. Mtandao wa pesa usiuite "Till" wala "Malipo", usimwonyeshe mwizi pa kuanzia. Upe jina la kawaida tu.

5. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3 kwa mitandao yote, na uzime kitufe cha WPS cha kuunganisha bila nywila.

6. Weka muda wa anwani: saa moja kwa wageni, siku moja kwa vifaa vya kazi. Kama rauta yako ina muda mmoja kwa wote, weka saa moja au mbili. Vifaa vya duka vitajiongezea muda vyenyewe.

7. Tenga anwani za vifaa vya pesa, printa na kamera. Ziandike kwenye ile karatasi.

8. Angalia DNS. Iwe ile ya kampuni inayokupa intaneti au ya huduma unayoijua. Piga picha ya ukurasa huo. Siku moja ukikuta imebadilika na si wewe wala fundi wako aliyeibadilisha, usifungue ukurasa wowote wa malipo mpaka ujue sababu.

9. Jaribu. Unganisha simu yako kwenye mtandao wa wageni, kisha jaribu kufungua ukurasa wa printa au wa rauta. Ukifunguka, kazi bado.

Anwani si kufuli

Hapa tunaomba uwe makini, maana hata mafundi wengine hukosea. Kupanga vifaa kwa anwani ni utaratibu. Si ulinzi wa kutosha peke yake.

Kifaa hujitambulisha chenyewe, na kinachojitambulisha chenyewe kinaweza kudanganya. Laptopu inaweza kusema ni printa. Anwani ya MAC inaweza kuigwa. Mtu anaweza pia kujiandikia anwani kwa mkono bila kuiomba rauta. Kwa hiyo ukiambiwa, "Nimeweka kamera kundi lake, tumemaliza," uliza swali la pili: "Na ni nini kinachozuia kundi hilo lisifike kwa kompyuta ya mauzo?" Jibu linapaswa kuwa ukuta wa ulinzi kati ya makundi, pamoja na nywila tofauti au waya tofauti. Ni kama soko lenye sehemu ya samaki, sehemu ya nguo na sehemu ya mbuzi. Mpangilio unasaidia kila mtu ajue pa kwenda, lakini usiku kinachozuia mwizi ni mlango na kufuli.

Maswali tunayoulizwa

*Nimetengea simu anwani lakini kila nikirudi ina nyingine. Kwa nini?*
Simu za siku hizi, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, hutumia anwani ya MAC ya kubuni ili zisifuatiliwe. Kwenye Wi-Fi ya umma hilo ni jambo jema. Kwa mtandao wa duka lako tu, fungua mipangilio ya Wi-Fi hiyo, sehemu ya faragha, uchague simu itumie MAC yake halisi. Kisha itengee anwani upya.

*Je, si rahisi zaidi simu ya till itumie data yake?*
Ndiyo, na kwa duka dogo huo ndio ushauri wetu wa kwanza. Zima Wi-Fi kwenye simu hiyo, iwekee bando dogo. Malipo hayali data nyingi. Hakuna utengano ulio rahisi kuliko huo.

*Fundi anaomba nywila ya rauta. Nimpe?*
Mpe akiwa kazini, ubadilishe akiondoka. Lakini PIN ya till usimpe fundi, wala mtu anayepiga simu akisema anatoka kwetu. Kutengeneza mtandao hakuhitaji PIN kamwe, na sisi hatutakuuliza PIN.

*Ofisi yangu haina fundi wala pesa za rauta mpya. Nianzie wapi?*
Anza na matatu yasiyo na gharama: badilisha nywila ya mipangilio ya rauta, washa mtandao wa wageni, na uondoe simu zote za wateja na za wafanyakazi kwenye mtandao wa till. Kazi ya dakika ishirini kabla ya kufungua duka.

Ukimaliza, andika tarehe kwenye ile karatasi na uibandike mahali ambapo wafanyakazi wanaiona na wateja hawaioni, bila nywila juu yake. Kikija kifaa kipya, swali la kwanza liwe: hiki kinakaa kundi gani? Na ukiona malipo usiyoyatambua au ukurasa wa malipo unaofanana na wetu lakini unauliza maswali ya ajabu, acha hapo hapo, usiandike PIN, na upige nambari ya huduma kwa wateja iliyo ndani ya programu yako.